Cheti cha Kijani Kisisahau Hewa ya Darasani

Tangu Eldoret ikabidhiwe hati ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, na kuwa la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, ni vigumu kupata mtaa usiosikika nyundo. Kapsoya, Langas, Annex, Kimumu, kote majumba ya ghorofa yanainuka, na mengi miongoni mwayo ni mabweni ya kukodishwa kwa wanafunzi wa vyuo. Shule nazo hazikuachwa nyuma, kwani tangu Gredi ya 7 ianze kufunzwa mwezi Januari 2023, madarasa mapya yamejengwa kwa haraka ili kuwatosha watoto. Jengo linapokamilika kazi ya mwisho huwa ni kupaka rangi, na anayeingia wa kwanza hulakiwa na harufu kali ambayo sote tumezoea kuiita harufu ya upya.

Makala haya yanahusu harufu hiyo. Tumeizoea mno hata hatujiulizi inatoka wapi, na hasa inakwenda wapi inapotoweka. Ukweli ni kwamba haitoweki. Sehemu yake hutoka dirishani, na sehemu nyingine huingia katika mapafu ya yule aliyeketi karibu na ukuta, naye aghalabu ni mwanafunzi.

Ni vyema tuanze na mkebe wenyewe. Rangi ya nyumba ina mambo matatu makuu: unga unaoipa sura yake, kishikizo kinachoufanya unga huo ushikamane na ukuta, na kiowevu kinachoilainisha ili ipakike. Katika rangi ya maji, sehemu kubwa ya kiowevu ni maji. Katika rangi ya mafuta, kiowevu hicho ni kiyeyushi kilichotokana na petroli, ndugu wa thina na tapentaini. Kazi ya kiyeyushi ni kurahisisha mkono wa fundi, kisha kiondoke. Hakibaki ukutani hata kidogo kikiisha kukauka. Kwa hiyo karibu kila gramu ya kiyeyushi iliyonunuliwa pamoja na rangi ni gramu iliyonunuliwa ili iende hewani.

Mwalimu wa hisabati anaweza kulifanya jambo hili kuwa zoezi. Tuchukue darasa la mita 8 kwa 7. Katika shule zetu nyingi, sehemu ya chini ya ukuta, hadi kifuani mwa mwanafunzi, hupakwa rangi ya mafuta ili uchafu wa mikono na viatu uoshwe kwa urahisi. Tuseme sehemu hiyo ina kimo cha mita 1.2. Mzunguko wa chumba ni mita 30, basi eneo ni mita mraba 36. Ikiwa lita moja hutosha mita mraba 10, na ukuta hupakwa mara mbili, tutahitaji lita 7 na kidogo. Rangi ya mafuta ya kawaida yaweza kuwa na gramu 400 za kiyeyushi katika kila lita. Zidisha, nawe utapata takriban kilo 2.8 za mvuke kutoka sehemu ya chini tu ya kuta za darasa moja. Fundi akiongeza lita moja ya thina kwa kila lita nne za rangi ili brashi iteleze, ataongeza zaidi ya kilo moja nyingine, na jumla itakaribia kilo 4.2. Katika darasa hilo ndimo tunamowaketisha watoto arobaini au zaidi.

Nchi nyingine zimekwisha kuifanya hesabu hii na kuitungia sheria. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2004 iliyoweka mipaka kwa hatua mbili, 2007 na 2010. Kuanzia 2010, rangi ya maji isiyong'aa ya kuta za ndani haikuruhusiwa kuzidi gramu 30 za kemikali za mvuke katika lita moja, na ile ya kuta inayong'aa na kuosheka haikuruhusiwa kuzidi gramu 100. Kanuni hiyo hiyo ilidai kiasi hicho kiandikwe juu ya mkebe ili mnunuzi akione. Tukirudi kwenye darasa letu, lita 7 za rangi ya maji inayoosheka, hata ikiwa imegusa mpaka wa gramu 100, zitatoa gramu 700. Hiyo ni robo ya mvuke wa rangi ya mafuta, na ni sudusi yake iwapo fundi alitia thina.

Fauka ya sheria za nchi, kuna vyeti vya majengo ya kijani, na humo ndimo suala la rangi lilimopewa uzito wa kipekee. Mfumo wa LEED ulioanzishwa Marekani hutoa alama kwa jengo lililotumia vifaa visivyotoa mvuke mwingi. Katika toleo lake la 4.1 la mwaka 2019, rangi za ndani huhesabiwa kuwa zimefaulu iwapo zote, asilimia 100, zimetimiza kipimo cha kemikali zilizomo mkebeni, na angalau asilimia 75 zimetimiza kipimo cha pili, cha mvuke unaotoka ukutani baada ya kupakwa.

Msomaji atauliza, kwa nini vipimo viwili? Jibu lake ni somo zuri la kemia. Sheria ya Ulaya huhesabu kuwa kemikali ya mvuke ile inayochemka katika nyuzijoto zisizozidi 250. Kemikali inayochemka juu kidogo ya hapo haihesabiwi, ilhali nayo hutoka ukutani, polepole, kwa majuma mengi. Mtengenezaji anaweza kuandika gramu chache juu ya mkebe bila kusema uongo, na chumba kikaendelea kunuka. Ndiyo sababu kipimo cha pili, kilichobuniwa katika jimbo la California, hakiulizi mkebe una nini. Huchukua kipande kilichopakwa rangi, hukiweka katika kisanduku kinachopitisha hewa, na kufikia siku ya 14 hupima hewa inayotoka. Mkebe waweza kujieleza upendavyo, lakini hewa ndiyo shahidi.

Hapa ndipo penye tatizo letu. Masharti haya mazuri yamefungiwa ndani ya vyeti, na vyeti vyenyewe ni vya majengo machache ya wenye uwezo, hasa jijini Nairobi. Isitoshe, alama ya rangi katika LEED ni ya hiari, kwani mwenye jengo anaweza kuiacha na kutafuta alama kwingineko. Nao mfumo wa EDGE, ambao ni wa Shirika la Fedha la Kimataifa na ambao umepata nafasi kubwa katika mabweni ya wanafunzi nchini Kenya, hudai jengo lipunguze kwa angalau asilimia 20 matumizi ya nishati na ya maji, pamoja na mzigo wa vifaa vya ujenzi kwa mazingira. Katika hesabu za mfumo huo, rangi hutazamwa kwa uwezo wake wa kurudisha miale ya jua. Mvuke wake haumo katika mizani hiyo.

Sisemi kuwa mabweni yaliyopewa cheti cha EDGE yana hewa mbaya, la hasha. Yamkini wajenzi wake walichagua rangi bora kwa hiari yao. Ninalosema ni kwamba cheti chenyewe hakiulizi. Mzazi anayeliona jengo limeandikwa "la kijani" hufikiri limechunguzwa kila upande, kumbe limechunguzwa bili ya umeme na ya maji. Vyote ving'aavyo si dhahabu, na si kila kilicho kijani kimepimwa hewa.

Katika jiji la Eldoret jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu ya hali ya anga. Jiji letu limekaa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku ni baridi, na mvua huanza kunyesha Machi ikaendelea hadi Septemba. Baridi hupunguza kasi ya kiyeyushi kutoka ukutani, kwa hiyo harufu ambayo pwani ingeisha upesi, hapa hukaa muda mrefu. Tena baridi hiyo hiyo hutufanya tufunge madirisha. Shule inayopaka rangi likizo ya Agosti, mvua ikinyesha, kisha ikafungua milango siku mbili baadaye, huwa imeyaunganisha mabaya yote: rangi mbichi, madirisha yaliyofungwa na vifua vya watoto. Mwalimu anayelalamikiwa kuwa wanafunzi wanaumwa na kichwa na macho yanawawasha katika juma la kwanza la muhula asikimbilie kudhani kuwa ni uvivu wa kusoma.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Eldoret. Kwa miaka mingi jiji hili limehuzunishwa na watoto wa mitaani wanaonusa gundi. Gundi ya viatu huwa na kiyeyushi kiitwacho toluini, nayo thina nyingi zina toluini hiyo hiyo. Kipimo hakilingani, na sitaki kumtisha mtu. Anayenusa chupa mchana kutwa hujidhuru kwa kiasi ambacho ukuta hauwezi kukifikia. Hata hivyo, tunapomwonea huruma mtoto aliyeshika chupa pale kando ya barabara ya Uganda, tusimsahau fundi wa rangi aliyefungiwa chumbani na ndoo ya thina, bila barakoa, siku sita kwa juma, kwa miaka ishirini.

Mintarafu ya fundi huyo, ushahidi ni wa zamani. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Denmark na Sweden walieleza jinsi wapaka rangi waliovuta viyeyushi kwa miaka mingi walivyopoteza kumbukumbu na makini. Mwaka 1989 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kazi ya upakaji rangi katika kundi la mambo yanayojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na likauthibitisha uamuzi huo baadaye. Vijana wengi wanaohitimu katika vyuo vya ufundi vya kaunti hii wataishika brashi ili wale. Kuwafunza namna ya kupaka bila kuwafunza namna ya kupumua ni kuwapa elimu nusu.

Pamoja na mvuke kuna risasi. Madini haya hutiwa katika baadhi ya rangi za mafuta ili zing'ae, hasa za manjano na nyekundu, au ili zikauke upesi. Shirika la Afya Duniani husema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, kwa maana hudhuru ubongo unaokua. Kiwango cha Kenya leo ni sehemu 90 katika kila sehemu milioni moja za rangi, sawa na kile cha Marekani tangu 2009. Kiwango ni kizuri, ila hakirudi nyuma kuziosha kuta zilizopakwa kabla yake. Shule iliyojengwa miaka arobaini iliyopita ina matabaka mengi ya rangi, moja juu ya jingine, na fundi anapoyakwangua kwa msasa mkavu huyageuza kuwa vumbi linalotua juu ya madawati. Wakenya hatuna haja ya kufunzwa ubaya wa risasi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhurika kwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walitunukiwa fidia ya Sh1.3 bilioni mwezi Julai 2020, wakapokonywa ushindi huo katika rufaa, na ilibidi wangoje hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu iurejeshe. Kuzuia kungaligharimu kidogo sana.

Najua watakaopinga. Wa kwanza atasema kuwa hizi ni anasa za Ulaya, na kwamba shule isiyo na vyoo vya kutosha haiwezi kuzungumzia mvuke wa rangi. Hoja hii ina sura ya hekima lakini haina uzito. Rangi ya maji haiagizwi kutoka ng'ambo kwa ndege, bali inauzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Eldoret hii hii. Tena ile inayoosheka huifanya kazi ile ile iliyotufanya tukimbilie rangi ya mafuta. Na kabla ya rangi yoyote ya kiwandani, watu wa pwani walizipaka nyumba zao chokaa na neru zilizochomwa kutokana na matumbawe, nao wakazi wa nyanda hizi walizisiliba kuta zao kwa udongo, samadi na majivu. Kuta hizo hazikuumiza kichwa cha mtu. Ukuta usiotoa mvuke wa sumu si ugeni kwetu. Kigeni ni mvuke.

Wa pili atasema kuwa hatuna maabara za kupima. Ni kweli kwamba kisanduku cha California hakipatikani kila mahali. Lakini kipimo cha kukadiria kiyeyushi katika rangi ya mafuta chaweza kufanywa na klabu ya sayansi ya shule ya upili. Pima gramu 10 za rangi juu ya kisahani, iache ikauke nje penye upepo, kisha uipime tena. Uzito uliopungua ndio takriban uliokwenda hewani. Kwa rangi ya maji kipimo hiki hakifai, kwa kuwa kinachotoka zaidi ni maji, na hapo ndipo wataalamu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Eldoret wanapoweza kuitumikia jamii inayowazunguka.

Je, tufanye nini? Kwanza, kila bodi ya usimamizi wa shule iliandike suala hili katika zabuni yake, kwa tarakimu wala si kwa maneno ya jumla. Iandike kwamba kuta za ndani zitapakwa rangi ya maji isiyozidi gramu 30 kwa lita, au gramu 100 kwa ile inayoosheka, na kwamba risasi haitazidi sehemu 90 kwa milioni. Iandike pia kuwa kiasi hicho ni cha rangi kama inavyofika ukutani, pamoja na chochote ambacho fundi ameongeza. Muuzaji alete karatasi ya usalama wa kemikali kabla ya kulipwa. Karatasi hiyo si hisani yake, kwani Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka msambazaji wa kemikali aitoe.

Pili, kalenda ibadilike. Rangi ipakwe juma la kwanza la likizo, wala si la mwisho. Madirisha yaachwe wazi mchana, na zipite angalau majuma mawili kabla ya mtoto kuketi humo. Hatua hii haigharimu hata senti moja, bali inadai mwalimu mkuu apange mapema na mhasibu atoe fedha kwa wakati. Rangi ya zamani isikwanguliwe ikiwa kavu, bali ilowanishwe kwanza, na watoto wasiwe karibu.

Tatu, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lidai kila mkebe wa rangi uandikwe gramu za kemikali za mvuke kwa lita. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 humpa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa, nacho kifungu cha 42 humpa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Mazingira hayaanzi msituni Kaptagat, bali huanza pale mtu anapovuta pumzi. Kanuni za ujenzi za mwaka 1968 zimekwisha kupewa mrithi, Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024. Wakaguzi wa kaunti wanaoingia katika bweni jipya kutazama nguzo na nyaya wanaweza pia kuuliza karatasi ya rangi.

Wenye shaka kwamba kanuni moja yaweza kubadili hewa ya nchi nzima wakumbuke petroli. Kulikuwa na wakati ambapo kila gari lililopita lilitutemea risasi, na tuliambiwa injini hazitakwenda bila hiyo. Kufikia mwaka 2006 Kenya na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha petroli ya aina hiyo. Magari yangali yanakwenda.

Wahenga walituonya kuwa asiyeziba ufa atajenga ukuta. Sisi katika jiji hili jipya ukuta tumekwisha kuujenga, tena tumeupaka na kuupamba. Kilichosalia ni kuhakikisha kwamba ukuta huo, baada ya kumkinga mtoto na mvua na baridi ya Uasin Gishu, haumrudii kifuani. Cheti cha kijani na kitafutwe na wenye uwezo wa kukitafuta. Lakini hewa safi darasani isingoje cheti. Ingoje tu mwalimu mkuu mmoja mwenye kalamu, siku ya kuandika zabuni.